Matar Mizani na Kilo Alizoandika kwa Masikio

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Wasifu huu wa marehemu Matar Mkubwa Borafya umeandikwa na bintiye mkubwa, Shahida, na unasomwa na mtoto wa kiume wa marehemu, Abdulwahid, katika hitma ya siku ya tatu, nyumbani kwake Jang'ombe, leo Alhamisi tarehe 11 Septemba 2025. Spika moja imeelekezwa barazani kwa wanaume na nyingine imeingizwa ndani kwa wanawake, kwa kuwa marehemu aliusia kwamba asiwepo wa kusema hakusikia. Waliokuja na njaa watavumilia kidogo. Chakula kiko tayari na kimeshapimwa.

Marehemu alizaliwa Mkokotoni, kaskazini Unguja, siku ya Alhamisi tarehe 12 Machi 1970, mtoto wa tatu wa Mzee Mkubwa Borafya, mwenye duka la vyakula, na Bi Sichana. Mkunga alipomaliza kazi yake alitaka kujua uzito wa mtoto, na mizani pekee ya karibu ilikuwa ile ya mchele dukani. Wakatandika gazeti, wakamlaza, ikasoma kilo mbili na robo tatu. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika familia kwa miaka yote, na kila iliposimuliwa marehemu aliuliza swali moja tu: je, uzito wa gazeti ulitolewa?

Alipotimia miaka saba aliletwa mjini kwa mjomba wake hapa Jang'ombe, akasoma chuo cha Kurani na skuli mpaka kidato cha nne, mwaka 1988. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho darasani, ila kwa adabu hakuwa na mpinzani. Siku moja mwalimu wa jiografia alimwambia asimame, kisha akaitwa ofisini, akasahau, akaenda zake nyumbani kula. Marehemu alibaki amesimama mpaka adhana ya Alasiri, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyemwambia akae. Mjomba alipokwenda kumfuata alimkuta miguu inamtetemeka, anatabasamu. Mtaa mzima ulimsifu. Wanawe wanaomba radhi kusema hivi mbele za watu, lakini mbele kidogo katika wasifu huu tutafika pahala ambapo ukaidi kidogo ungelikuwa heri.

Baada ya skuli aliuza vitambaa na mjomba wake Darajani, na mwaka 1994 akaajiriwa na kampuni ya ndege ndogo ambayo sasa haipo tena. Kazi yake ilikuwa karani wa mizani. Kindege cha injini moja chenye viti sita si meli. Kila kilo inayopanda lazima iandikwe, na lazima ijulikane imekaa wapi, mbele au nyuma. Karani anampandisha abiria kwenye mizani, anapima mkoba wake, anaandika, anampa rubani karatasi. Rubani anafanya hesabu yake kwa kuiamini karatasi ile, maana hana mizani angani.

Rubani wa kindege hicho alikuwa Kapteni Nadir, kijana wa Malindi, mwana wa pekee wa Bi Mwatum. Wawili hawa walikuwa wakila sahani moja kila mchana nyuma ya banda la mizigo. Kapteni Nadir alikuwa mtu wa utani na shati lililopigwa pasi, na wapo waliomwona ana maringo. Kazini hakuwa na mzaha hata kidogo. Alikuwa akimwambia marehemu, "Matar, mimi nnakuamini wewe kuliko injini." Marehemu alikuwa akiona haya kwa sifa hiyo, na akiipenda.

Sasa tufike Alhamisi ya tarehe 25 Oktoba 2001. Ulikuwa mwezi wa Shaabani, na harusi zilikuwa zimerundikana kabla ya Ramadhani kuingia. Bi harusi mmoja wa Wete, Pemba, alikuwa akimsubiri kungwi wake kutoka Unguja, na kungwi huyo hakuwa mwingine ila Bi Ummkulthum wa mtaa huu, ambaye wanawake wote walioolewa Jang'ombe tangu mwaka 1975 wamepita mikononi mwake. Alikuja kiwanja cha ndege na wenzake watatu, buibui jipya, udi mpaka kwenye mikoba. Marehemu alipomwona tu, jasho likamtoka. Wiki mbili kabla, familia yake ilikuwa imepeleka posa kwa Bashira, binti wa Bi Ummkulthum, na jibu lilikuwa halijatoka.

"Shikamoo, Bi Ummkulthum," alisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Hiyo hapo chini ndiyo nini?"

"Mizani, bibi. Ya abiria."

"Ya abiria? Kwani sisi karafuu?"

Wenye kujua heshima ya mkwe hawahitaji kuelezwa. Kijana wetu hali chakula mbele ya mama mkwe, hacheki mbele yake, akimwona njiani huvuka upande wa pili. Na huyu alikuwa bado hajawa mkwe. Alikuwa mkwe anayetarajiwa, ambaye ni mkali zaidi, kwa sababu anaweza kukataa. Kumwambia apande chuma kile, sindano ikimbie mbele ya wapagazi na abiria wa Dar es Salaam, marehemu hakuweza. Alisimama pale kama alivyosimama siku ile darasani.

"Basi nitajieni tu, bibi zangu," alisema mwishowe.

"Andika hamsini na tano," alisema Bi Ummkulthum. "Na hawa wenzangu vilevile, tusije tukapishana bure."

Marehemu akaandika hamsini na tano mara nne. Aliona pia kitu kikubwa kimefungwa kanga, Bi Ummkulthum amekikumbatia chini ya buibui kama mtoto. Hakuuliza. Kilikuwa jiwe lake la kusagia liwa, ule mti wa harufu anaosugulia ngozi ya bi harusi, kwa maana Bi Ummkulthum hajapata kumsinga bi harusi kwa liwa iliyosagwa juu ya jiwe la mtu mwingine. Na vikapuni, chini ya nguo, kulikuwa na halua ambayo nayo haikuandikwa.

Kapteni Nadir aliwapokea kwa salamu nzuri, akaomba bibi mmoja akae mbele, kiti cha ubavuni kwake, ili uzito ugawanyike. Hapo pakawa na kikao. Bi Ummkulthum ndiye aliyetoa uamuzi: "Nikae bega kwa bega na mwanamme asiye wangu, mbele za Mungu na mawingu? Hakai mtu huko." Wakakaa wote nyuma, wawili wawili, na yeye na jiwe lake safu ya mwisho kabisa. Kapteni alitazama kiti kitupu, akatazama karatasi, akapiga hesabu kwa kalamu juu ya goti, kisha akachungulia dirishani.

"Kama kweli ni hamsini na tano-tano, itakubali," alisema. "Umewapima, Matar?"

"Nshapima," alisema marehemu.

Lilikuwa neno moja. Marehemu aliishi nalo miaka ishirini na nne.

Ilikuwa saa sita na robo mchana, jua la utosi, na hewa ya joto haiibebi ndege vizuri kama ya asubuhi. Kindege kilikimbia njia ndefu kuliko kawaida, kikanyanyuka, kisha kwa sababu nyuma kulikuwa kuzito pua ikaendelea kupanda yenyewe, ikapanda mno, mwendo ukapungua, na kikashindwa kushikilia hewa. Kapteni alikielekeza baharini mbali na nyumba za watu. Kikaanguka upande wa Chukwani, maji yametoka, kina hakifiki kiunoni. Wanawake wanne walivunjika hapa na pale na wote wakapona. Kapteni Nadir aliumia kifua, akafariki kabla hajafikishwa pwani. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na moja.

Watu wa Chukwani waliokuja kuokoa wanakumbuka kwamba Bi Ummkulthum, mkono wa kushoto umevunjika, alikataa kutolewa mpaka jiwe lake litangulie. Wanaume wawili walilibeba mpaka mchangani. Wakarudi kumbeba mwenyewe, na wanasema walihitajika wanne.

Hospitali, kabla ya dawa ya usingizi, wanawake wale walipimwa kwa mara ya kwanza. Marehemu alikwenda kuwaangalia na akaziona karatasi zikining'inia kwenye vitanda: themanini na nane, themanini na nne, sabini na tisa, sabini na moja. Baadaye alilipima jiwe, kilo kumi na moja. Halua iliyookolewa, kilo tisa. Alikwenda nyuma ya ukuta wa hospitali akajumlisha na kutoa, na jibu likawa lilelile kila mara: kilo mia moja na ishirini na mbili ambazo Kapteni hakuambiwa, na nyingi zake zimekaa mkiani.

Ikaundwa tume. Wajumbe waliitazama karatasi ya uzito, wakaona hesabu imekaa sawasawa, wakamwuliza marehemu kama ndiyo hati yake. Alijibu naam. Hawakumwuliza zaidi, na yeye hakusema zaidi. Ripoti ikatoka na sababu katika mistari mitatu: rubani aliinua pua mapema, kosa la rubani. Mitaani mistari mitatu ikazaa mingine. Likasemwa kwamba Nadir alikuwa akiwaringia wanawake, akiichezea ndege. Walioyasema hayo wengine wamekaa barazani hapa leo, na marehemu aliwajua kwa majina.

Jibu la posa lilitoka wiki ya pili. Bi Ummkulthum, mkono umefungwa plasta, aliwaambia washenga, "Yule kijana ana adabu. Mwengine angelinipandisha kwenye mizani kama gunia." Ndoa ilifungwa Ijumaa tarehe 5 Aprili 2002, msikiti wa hapa mtaani. Bibi harusi, ambaye ndiye mjane wetu Bi Bashira, anasema kwamba zawadi ya kwanza mume wake aliyoomba kwa mkwe wake haikuwa dua wala radhi. Aliomba lile jiwe la liwa. Bi Ummkulthum alifurahi, akatangaza mtaa mzima kwamba hajapata kuona mkwe mwenye mapenzi kama yale, akalitoa.

Kampuni ilipofungwa mwaka 2003 marehemu alikwenda Malindi, kwa wakala wa mizigo ya boti za Pemba, kazi ileile ya mizani. Na huko ndiko alikopata jina la Matar Mizani, ambalo wengi hapa mnamjua nalo. Kila asubuhi aliliweka lile jiwe juu ya mizani kwanza. Ikisoma kumi na moja, kazi inaanza. Ikisoma kumi na nusu, hapandi mtu, hata boti ipige honi mpaka inyamaze. Hakumwamini yeyote. Mheshimiwa mmoja, mkoba wake umebebwa na vijana wawili waliopinda mgongo, alimwambia, "Andika kilo ishirini tu, tuna haraka." Marehemu alimjibu, "Mheshimiwa, nnaomba radhi, mimi siandiki kwa masikio." Mkoba ulikuwa na kilo themanini na tatu. Imamu wetu, aliyepo hapa, alipimwa mara tatu safari moja kwa sababu mara mbili za mwanzo alikuwa ameegemea ukuta.

Nyumbani nako hakukuwa na salama. Watoto wake watatu walipimwa kila Ijumaa kabla ya sala, na wageni wa Iddi walivukishwa mizani iliyokuwa mlangoni kabla ya kupewa visheti. Mwuza nyama wa mtaani alikuwa akimwona tu anaondoa kidole kwenye mizani, hata kama mteja ni mwengine. Bi Bashira alimwambia siku moja, "Mume wangu, mimi nimeolewa au nimesafirishwa?" Alicheka mpaka akakaa chini, lakini aliandika kilo zake.

Mtu mmoja tu hakupata kumpima maisha yake yote, naye ni Bi Ummkulthum.

Na kila Ramadhani, tangu ile iliyoingia wiki tatu baada ya ajali, marehemu alikuwa akienda kwa Bi Mwatum, nyumba ya ghorofa nyuma ya bandari, na tende kilo moja barabara. Kila mwaka alitoka hapa amenuia kumwambia. Alikuwa akijisemesha njiani, mikono inakwenda, watu wakamdhani anahesabu. Akifika anakaribishwa, anaulizwa watoto, anapewa kahawa ikiwa magharibi imeingia, na anarudi na maneno yaleyale aliyokwenda nayo. Bi Mwatum alikuwa akiwaambia jirani kwamba katika marafiki wote wa mwanawe huyu ndiye peke yake aliyebaki. Ramadhani ishirini na tano, tende kilo ishirini na tano, na neno hata moja halikutoka.

Marehemu alianza kuugua sukari mwaka 2016, na mwaka 2023 figo zikashindwa. Alipopelekwa kusafishwa damu, wauguzi walimpima kabla na baada, kila safari, na hilo lilimpa raha kubwa kuliko dawa. "Hawa watu wa maana," alisema. Aliandika mwenyewe: themanini na mbili, sabini na nne, sitini na tatu. Alipofika hamsini na tano aliitazama mizani kwa muda mrefu, akamwambia Shahida, "Hamsini na tano ndiyo mtu alivyo hivi. Nitazame, mwanangu. Yupo kungwi duniani aliye hivi?" Ndipo akamhadithia yote, kwa mara ya kwanza, na wote wawili wakalia.

Jumamosi tarehe 30 Agosti mwaka huu aliomba apelekwe Malindi. Abdulwahid alimpandisha ngazi za Bi Mwatum akiwa amembeba mgongoni. Haikuwa Ramadhani, na mkononi hakuwa na tende. Bi Mwatum alishangaa. Marehemu hakungoja kahawa.

"Mama, Nadir hakukosea," alisema. "Aliniuliza umewapima, nikamwambia nshapima. Sikuwapima. Nlimwonea haya mkwe wangu."

Alimweleza kilo zote, moja moja, na kiti kitupu, na jiwe. Bi Mwatum ana miaka themanini na moja na masikio yake mazima. 

"Tende zile zote," alisema, "mimi nlizila kwa raha, nikikuombea dua. Kumbe kila mwaka ulikuwa unanibebea maneno, na unarudi nayo."

"Ndiyo, mama."

"Unajua wameniambia nini kuhusu mwanangu? Harusini? Sokoni? Mtu ananipa pole huku anasema, na yeye Nadir alizidi mbwembwe." Alijifuta uso kwa mtandio. "Mimi umeniambia. Nshakusamehe, sijui kwa nini, labda kwa kuwa umekonda. Lakini mimi siye niliyekuwa nikisema. Sasa waambie wao."

"Ntawaambia, mama. Wallahi."

Alikusudia kusimama mwenyewe msikitini Ijumaa inayofuata. Ijumaa hiyo hakuweza kukaa kitako, wacha kusimama. Jumanne tarehe 9 Septemba, baada ya sala ya Alfajiri, alimwita Shahida, akamkabidhi daftari lake la kilo, akasema, "Niandikieni hivi hivi. Msiniandike kwa masikio." Alifariki saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tano, na akazikwa Alasiri ya siku ileile Mwanakwerekwe.

Haitakuwa haki kuficha kwamba wasifu huu ulikaribia kutosomwa. Usiku wa maziko haukwisha hata wajomba na mashemeji walikuwa wameshagawanyika: wengine wakisema ya marehemu yazikwe na marehemu, wengine wakisema amana ni amana. Mwenye neno la mwisho alikuwa Bi Ummkulthum, maana bila ya jina lake habari haisimami. Yeye miaka yote aliijua ripoti ya tume tu, na alikuwa akimlaumu Kapteni Nadir pamoja na wengine, kwa sauti. Aliposomewa daftari alikasirika mno. "Mkwe wangu kanistahi miaka ishirini na nne, leo nyinyi mnanipima kwa spika?" Akajifungia chumbani. Jana mchana Bi Mwatum aliletwa kuhani msiba, akaingizwa chumba kilekile kwa kuwa ndicho chenye godoro zuri. Walikaa humo mpaka Magharibi. Walichosemezana wanakijua wao. Bi Bashira aliyeingiza chai mara mbili anasema mara ya kwanza mama yake alikuwa anabishana, na mara ya pili alikuwa analia, kilio cha sauti, na Bi Mwatum amemshika ule mkono uliovunjika.

Leo baada ya Alfajiri Bi Ummkulthum alitoka mwenyewe, akavua makubadhi, akaagiza mizani ya mlangoni iletwe ukumbini mbele ya wanawake wote. Akataka jiwe liwekwe kwanza. Likasoma kumi na moja. Likatolewa, akapanda yeye, akamwambia Shahida aandike na asipunguze.

Marehemu ameacha mjane mmoja, Bi Bashira. Watoto watatu, Shahida, Abdulwahid na Nasima. Dada mmoja, Bi Maryam wa Mkokotoni. Na mama mkwe mmoja, Bi Ummkulthum, kilo sabini na tatu na nusu, bila ya jiwe, aliyeruhusu haya yote yasomwe.

Na hii ndiyo amana yenyewe, kama ilivyoandikwa kwa mkono wa marehemu katika ukurasa wa mwisho wa daftari: "Kapteni Nadir aliuliza alichopaswa kuuliza. Karatasi niliyompa ilikuwa ya uongo kwa kilo mia moja na ishirini na mbili. Ndege ile ingelimshinda mtu yeyote. Kosa ni langu, Matar."

Mola amsamehe Matar Mkubwa Borafya, amlaze yeye na rafiki yake pahala pema, na awajaalie wale tena pamoja sahani moja. Amin. Bi Mwatum, uliyeko ndani: wameambiwa.